Taa ya nje, swichi ndani: kuifunga bila kubomoa ukuta

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya Mbeya au Iringa: matofali ya kuchoma, bati juu, dari ya bodi, na swichi moja ya taa ya sebuleni karibu na mlango. Unataka taa ya nje iwashwe hapo hapo. Huna haja ya kuchimba plasta. Badili swichi iwe ya gengi mbili (vitufe viwili kwenye kifuniko kimoja), pandisha waya mmoja mpya kwenye bomba lililopo hadi darini, kisha nyutro (waya usio na moto unaokamilisha njia ya umeme) na ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) uzichukue huko juu. Kisheria kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama wewe huna leseni hiyo, msimamie fundi wako ukiwa na mwongozo huu mkononi, kwa sababu hatua ya 3 ndiyo wengi wanaibahatisha.

Hatua ya 1: Vifaa

Kama taa itakuwa mita 6 kutoka kwenye swichi, nunua mita 10 za waya mwekundu wa 1.5 mm² na mita 7 za mweusi. Ethi chukua mita 7 pia, kijani chenye mstari wa njano. Kama waya za nyumba yako ni za rangi mpya, laivu (waya wenye moto) ni kahawia na nyutro ni bluu, badala ya nyekundu na nyeusi; usichanganye mifumo miwili kwenye boksi moja. Ongeza bomba la 20 mm, konekta za skrubu, silikoni na maltimita (kipima volti).

Taa iwe LED ya wati 9 hadi 12. Ikikaa chini ya ukingo wa paa, IP44 (alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji) inatosha. Ikikaa ukutani wazi, chukua IP65, hasa ukiwa upande wa Tukuyu ambako mvua huja na upepo na kupiga ukuta kwa ubavu.

Hatua ya 2: Zima

Shusha mein swichi, si breka ya taa peke yake. Kama kuna sola au inveta, izime nayo. Lakiri ya mita ya LUKU usiiguse.

Hatua ya 3: Kuitafuta nyutro ya kweli

Ndani ya boksi la swichi kwa kawaida hakuna nyutro. Kuna laivu inayoingia, na waya wa kurudi unaopeleka moto kwenye taa. Kwa hiyo nyutro utaikuta kwenye boksi la darini, na hapo ndipo mtego ulipo: si kila waya mweusi ni nyutro. Mafundi wengi walishusha kwenye swichi waya bapa wenye nyekundu na nyeusi. Nyekundu ikawa laivu, na nyeusi ikawa waya wa kurudi. Swichi ikiwashwa, nyeusi hiyo ina 230 V.

Testa ya bisibisi haifai hapa. Inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukizwa kutoka waya jirani, na inaweza kugoma kuwaka ukiwa umesimama juu ya mbao kavu, jambo ambalo darini haliepukiki. Tumia maltimita, kwa mpangilio huu.

Kwanza hakikisha ethi ya nyumba inafanya kazi. Rudisha umeme, nenda kwenye soketi, pima tundu la kulia na lile la juu. Ukipata karibu 230 V, endelea. Ukipata 60 au namba inayochezacheza, ethi imekatika au haipo. Acha kazi ya taa, shughulikia ethi, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Zima tena, panda darini, fungua boksi. Kama maungio ni ya tepu, yafungue na uvike kila kundi konekta. Hakikisha hakuna shaba inayogusana, kisha umeme urudi. Kuanzia hapa ni ncha za maltimita tu zinazogusa skrubu, mikono ikae mbali. Pima kila kundi la weusi dhidi ya ethi mara mbili: swichi ya sebuleni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na taa ya sebuleni ibaki mahali pake.

Kipimo cha pili ndicho wengi wanakiruka. Swichi ikizimwa, waya wa kurudi unaungana na nyutro kupitia taa yenyewe, hivyo unaweza kusoma sifuri au volti chache kama nyutro halisi. Swichi ikiwashwa, unapanda hadi 230 V. Nyutro ya kweli inabaki karibu na sifuri mara zote mbili.

Jambo lingine: nyutro itoke saketi (njia ya breka moja) ileile inayoleta laivu. Kuazima nyutro ya soketi kwa sababu iko karibu kunaleta balaa mbili. Nyumba yenye RCD mbili (vifaa vinavyokata umeme ukivuja) itakuwa inakatika kila ukiwasha taa ya nje. Tena, fundi wa kesho atashusha breka ya soketi akiamini amezima, kumbe nyutro anayoifungua inabeba mkondo wa taa.

Ukishaipata, ipige alama kwa tepu nyeupe. Zima mein swichi.

Hatua ya 4: Swichi

Fungua swichi ya zamani. Laivu inabaki COM (tundu la kuingizia moto). Ukikuta nyekundu mbili pale COM, zihamishe pamoja. Ukiiacha moja nje, chumba cha pili kitabaki giza. Kata kipande cha nyekundu cha sentimita 8 kiunganishe COM ya kwanza na COM ya pili. Waya wa kurudi wa sebule unaingia L1 (tundu la kutolea moto) ya kwanza, waya mpya unaingia L1 ya pili. Ethi yoyote iliyomo ibaki imefungwa kwenye boksi. Vuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza. Ukichomoka sasa, afadhali.

Hatua ya 5: Darini na nje

Mweusi mpya kwenye nyutro yenye alama, ethi kwenye ethi, zote kwa konekta. Kusokota na kuzungushia tepu nakukataza kabisa. Chini ya bati mchana pana joto kali, gundi inayeyuka, tepu inafunguka yenyewe na shaba inabaki uchi juu ya mbao.

Kama paa limetokeza, usitoboe ukuta. Pitisha waya juu ya ukuta, utokee kwenye ukingo wa paa, ushuke ndani ya bomba. Lakini bomba lisiingie taa kwa juu, maana maji yatalifuata hadi kwenye konekta. Lishushe pembeni, lipite chini ya taa, likunjwe na kuingia kwa chini. Silikoni ipake juu na pembeni tu. Upande wa chini uache wazi. Usiku wa baridi wa Juni na Julai mvuke unageuka matone ndani ya kioo, nao unahitaji njia ya kutoka. Ile raba ya kifuniko ikae sawa, la sivyo mvua za kwanza zitajaza taa kumbikumbi.

Hatua ya 6: Jaribu zikiwa mbili

Washa taa ya nje peke yake, kisha ya sebuleni peke yake, kisha zote. Taa ya nje ikiwaka hafifu au kupepesa wakati ya sebuleni imezimwa, halafu ikafa kabisa ukiwasha ya sebuleni, ulishika waya wa kurudi badala ya nyutro: taa zimefuatana kwenye mstari mmoja. Rudi hatua ya 3. Ikibaki na mwanga mdogo hata ukiizima, angalia kama swichi inakata laivu na si nyutro. Kama inakata laivu, huo ni umeme wa kuambukizwa kwenye waya mrefu, na balbu ya aina nyingine mara nyingi huumaliza.