Namna ya kupiga hesabu ya chuo kikuu binafsi Dar kabla hujalipa hata shilingi

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakitoka, wazazi huanza kugonga mlango wangu hapa Segerea. Wanajua nilikaa kwenye dirisha la malipo la chuo binafsi hapa jijini hadi nilipostaafu, na swali lao halibadiliki: "Dada, ada milioni moja na nusu, nitaiweza?" Hiyo milioni moja na nusu ni ada ya masomo peke yake, tena ya mwaka mmoja. Mtoto anaishi chuoni miaka mitatu au zaidi, na kuna mambo chungu nzima ambayo ada haiyagusi.

Anza na karatasi. Usikubali kutajiwa ada kwa simu wala kuisoma kwenye bango. Nenda mwenyewe, chuo kiwe Gongo la Mboto, Mikocheni au Kigamboni, uombe mchanganuo wa malipo ya programu yake kwa miaka yote, wenye muhuri. Kisha kaa na kalamu, na kila mstari uandikie pembeni: mara moja, kila mwaka, au kila muhula. Usipojua, rudi ukaulize. Mchanganuo ukisema "mitihani 150,000" bila neno lingine, mzazi huiweka mara moja kwa mwaka, kumbe inalipwa kila muhula. Kwa shahada ya miaka mitatu hapo umekosea kwa laki nne na nusu.

Mistari mingine utaikuta: usajili, kitambulisho, maktaba, intaneti, serikali ya wanafunzi, amana ya tahadhari, yaani dhamana unayoidai mwanafunzi akimaliza. Kuna 20,000 ya kila mwaka ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya udhibiti wa ubora. Kuna bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi NHIF wameitoza 50,400 kwa mwaka. Mtoto akiwa na bima nyingine, peleka nakala ya kadi mapema na uulize kama inakubalika. Mwaka wa mwisho huja na yake: usimamizi wa utafiti, mahafali, kukodi joho, cheti. Na ukiona mstari umeandikwa kwa dola, uliza. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Niseme kwa nini nasisitiza michango hii midogo. Wiki ya mitihani, asubuhi, dirisha langu lilikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi. Akafika mzee mmoja na binti yake, noti amezifunga kwenye leso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto amekataliwa kadi ya mtihani. Mimi ada nilimaliza yote Novemba, risiti hizi hapa."

Risiti zilikuwa sahihi. Ada ilikuwa imelipwa yote. Lakini kwenye mfumo binti alikuwa anadaiwa 380,000 za michango ambayo mzee hakuwahi kuonyeshwa, na kwenye leso mlikuwa na laki mbili. Mfumo hautoi kadi mpaka deni lifike sifuri. Karani hana mamlaka ya kuufungua, na mwenye mamlaka siku hiyo alikuwa kwenye kikao. Karatasi ya saa tatu ikampita. Aliifanya Septemba pamoja na wenye sapu, yaani waliofeli wanaorudia mtihani, na katikati hapo familia iliendelea kulipia chumba. Sijasahau jinsi yule mzee alivyozikunja risiti zake polepole na kuzirudisha mfukoni. Alifanya yote aliyoambiwa. Hakuambiwa yote.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tu mtoto akishasajiliwa, mwambie aingie kwenye akaunti yake ya chuo, aangalie deni, akutumie picha. Arudie mwezi mmoja kabla ya mitihani. Kama utalipa kwa awamu, andika barua ya makubaliano mwanzoni mwa muhula, ipigwe muhuri, ubaki na nakala. Barua ya mwezi wa kwanza husikilizwa. Ya wiki ya mitihani inakuta mafungu ya barua nyingine juu ya meza.

Halafu kuna jiji lenyewe. Vyuo binafsi vyenye hosteli za kutosha ni vichache, kwa hiyo mtoto atapanga. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 420,000 zimeondoka na godoro bado hujanunua. Ukiamua akae nyumbani, piga hesabu ya nauli kwa magari atakayopanda kweli. Anayebadili gari Buguruni kisha Mwenge analipa mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na kwa kuwa mwanachuo havai sare, konda anamtoza nauli ya mtu mzima. Chakula usikipunguze kwenye karatasi ili hesabu ikae vizuri. Wanafunzi wanaopiga pasi ndefu, yaani wanaoshinda bila kula mpaka jioni, nimewaona, na matokeo yao nimeyaona.

Tuchukue huyo wa ada milioni moja na nusu, miaka mitatu, amepanga karibu na chuo. Ada 4,500,000. Mitihani 900,000. Michango ya chuo tuseme 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. TCU 60,000, bima 151,200, utafiti na mahafali 350,000. Chumba na dalali 2,220,000. Chakula 6,000 kwa siku, siku 240 kwa mwaka: 4,320,000. Bando na kudurufu 900,000, fildi (mafunzo kwa vitendo) 300,000, kompyuta iliyotumika 700,000. Jumla inapita kidogo 15,000,000. Ada haifiki theluthi. Weka bei za kwenu, lakini mistari usiifute.

Kozi nazo hutofautiana. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa utarajali juu yake. Uuguzi una sare na vifaa. Anayesoma sheria akitaka uwakili, baada ya shahada kuna Shule ya Sheria yenye ada yake.

Mkopo ni msaada mkubwa, ila usiuhesabu kabla Bodi ya Mikopo haijatoa orodha. Bodi hulipa ada kwa viwango vyake na kwa asilimia aliyopangiwa mwanafunzi. Chuo kikitoza zaidi, tofauti ni yako. Bumu, yaani fedha ya kujikimu anayopewa mwenye mkopo, nalo ni la kula na kulala, siyo la kuziba deni la chuo. Tena ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mkopo wa milioni 12 na mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kwa mwezi, miezi 100.

Uliza pia bei ya kufeli, hata kama mtoto wako ana akili. Sapu ni shilingi ngapi kwa somo? Akibeba kerio, yaani somo alilofeli akavuka nalo mwaka unaofuata, analipia nini? Akirudia mwaka, analipa ada nzima upya? Majibu uyapate kwa maandishi.

Hakikisha TCU wanakitambua chuo na programu yenyewe, vyote viwili. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na mtoto akilazimika kuhama kuna masomo ambayo chuo kipya hakitayapokea; hayo unayalipia mara ya pili.

Mwisho, fedha zote zipite benki kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu, hata akiwa mtumishi unayemfahamu. Uliza mtoto akiacha au akihama ndani ya muhula wa kwanza unarudishiwa kiasi gani. Risiti ziweke kwenye faili moja mpaka siku anachukua cheti, kwa maana akijaza fomu ya kuondoka chuoni anaweza kuulizwa hata malipo ya mwaka wa kwanza, na ile amana ya tahadhari hairudi mpaka uidai mwenyewe.