Fremu ya miwani: anza na pua, urembo utafuata

Ukitoka kupimwa macho usikimbilie kioo. Kwanza angalia kama karatasi yako ya vipimo ina PD, yaani umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Watu wazima wengi huangukia kati ya 54 na 74. Mara nyingi karatasi huandikwa nguvu za lenzi tu, PD ikasahaulika, na anayekata lenzi akabaki kukisia. Ikiwa haimo, omba upimwe hapohapo. Ni kazi ya dakika moja kwa rula.

Sasa geuza fremu usome ndani ya mkono wake. Ukikuta 52□18 140, basi 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni daraja la puani, 140 ni urefu wa mkono hadi nchani, zote milimita. Jumlisha mbili za mwanzo: 70, ndio umbali kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyingine. Kama PD yako ni 62, kitovu cha kila lenzi kitasogezwa ndani milimita 4 kikae mbele ya mboni, na hiyo inavumilika. Tofauti ya jumla ikifika 12 au zaidi, rudisha fremu kwenye kabati. Lenzi zinaposogezwa sana, kwa asiyeona mbali ukingo wa upande wa sikio hutoka mnene kama kitako cha chupa. Mwenye nguvu ya lenzi ya -5 na kuendelea atafute lenzi ya 46 hadi 50 yenye kona za mviringo, hata kama fremu kubwa ndizo zinazopendwa mjini.

Pua ndiyo inayobeba karibu uzito wote, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kwenye pua pana yenye mgongo wa chini, daraja hubana pembeni tu, au miwani huteleza mpaka mashavuni. Vaa, inama kama unayefunga kamba za kiatu, tikisa kichwa, kisha cheka sana. Ikishuka, au mashavu yakiiinua, haikufai. Chukua ya chuma yenye vile vipedi vidogo vya puani vinavyokunjika, au ya plastiki yenye daraja pana lililochongwa kwa pua ya namna hiyo. Muuzaji akisema "tutaibana nyuma ya masikio itakaa", kataa. Kubana mikono hakutibu daraja baya, kunahamishia maumivu masikioni. Alama nyepesi puani zinazofutika baada ya dakika chache ni kawaida. Kishimo kinachobaki upande mmoja maana yake kipedi kinagusa kwa ukingo badala ya kulala bapa.

Mikono ipite panjani bila kuminya, ianze kupinda pale juu ya sikio, si kabla. Ikitanuka nje kama miguu ya panzi, fremu ni nyembamba, na kichwa kitauma kufikia mchana. Kope zisiguse lenzi; nafasi ya milimita 12 hadi 14 kati ya jicho na lenzi inatosha.

Anayetaka lenzi moja ya mbali na ya kusomea bila mstari awe mkali kuhusu kimo. Simama wima, tazama mbele, fundi atie nukta ya kalamu mbele ya mboni kwenye lenzi ya maonyesho. Kutoka nukta hadi ukingo wa chini kuwe na walau milimita 18. Kuna lenzi zinazokubali pungufu, lakini sehemu ya kusomea huwa finyu. Vimiwani vyembamba vya mstatili vinaikata kabisa.

Dodoma ina mambo yake. Upepo wa kiangazi huleta vumbi la mchanga, na kufuta lenzi kavu kwa ncha ya khanga ni sawa na kuipiga msasa: mwagia maji kwanza. Lenzi za jua ziwe na kinga ya UV400, yaani inayozuia miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho. Nyeusi isiyo na kinga hupanua mboni na kuukaribisha mwanga unaodhuru. Ukitokwa jasho sana, au hereni za bei rahisi zikikuwasha, epuka chuma chenye nikeli, tafuta titani au plastiki. Na usiache miwani juu ya dashibodi gari likiwa juani, kwani plastiki hupinda na tabaka la juu la lenzi hupasuka.

Siku ya kuichukua, ikunjue uiweke mezani ikiwa imepinduliwa, juu chini. Isiyumbe. Ivae, fundi aweke nukta tena: vitovu vya lenzi viangukie mbele ya mboni. Sakafu ikionekana imeinama kidogo, ipe wiki moja. Ikipita mbili na kichwa bado kinagonga, rudi na karatasi yako, lenzi zipimwe upya kwa mashine, namba kwa namba.