Somo: Kumjenga Fundi wa Upinde wa Mtambo katika Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua matokeo. Somo hili linafuata kanuni za toleo lake la 5 zilizochapishwa mwaka 2014. Anayetaka mhusika wake awe fundi wa upinde wa mtambo (crossbow) aanze na kanuni ya kupakia mshale, wala asikimbilie ukubwa wa dadu ya madhara.

Hatua ya 1: Ielewe kanuni ya kupakia. Kwa kitendo kimoja unafyatua mshale mmoja tu, hata kama mhusika wako ana haki ya kushambulia mara mbili au tatu. Mpiganaji hupata shambulio la pili afikapo ngazi ya 5, na hapo ndipo silaha hii huanza kumwangusha. Tuchukue mpiganaji mwenye nyongeza ya wepesi ya 4, inayojumlishwa kwenye madhara ya kila mshale. Akiwa na upinde mzito wa mtambo, wenye dadu ya pande 10, anafyatua mara moja na wastani wa madhara ni 9.5, mwenzake mwenye upinde mrefu wa kawaida, wenye dadu ya pande 8, anapiga mara mbili na kufikisha 17 iwapo mishale yote miwili imepata. Jambo hili linaendana na historia, kwani mwaka 1346 huko Crécy, Ufaransa, askari wa Genoa waliobeba pinde za mtambo walizidiwa na wapiga pinde wa Kiingereza waliopiga kwa kasi kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Chukua kipaji (uwezo maalumu ambao mhusika huchagua) cha Crossbow Expert mapema iwezekanavyo. Kipaji hiki kinaondoa kikwazo cha kupakia, kinakuruhusu kufyatua adui akiwa ndani ya futi 5 bila kuadhibiwa, na, ukishashambulia kwa silaha ya mkono mmoja, kinakupa shambulio la upinde wa mkononi, yaani upinde mdogo wa mtambo, kama kitendo cha ziada. Binadamu wa aina mbadala anaweza kukipata tangu ngazi ya 1, na ndiye ninayempendekeza.

Hatua ya 3: Chagua upinde wa mkononi. Dadu yake ina pande 6 tu na masafa yake ya kawaida ni futi 30, lakini mpiganaji wetu wa ngazi ya 5 sasa anafyatua mara tatu, na zote zikipata anafikisha 22.5. Upinde mzito ubaki kwa anayepigana kutoka mbali, futi 100.

Hatua ya 4: Ongeza mtindo wa kupigana wa Archery, kisha kipaji cha Sharpshooter. Mtindo unakupa nyongeza ya 2 katika kulenga. Sharpshooter inakuruhusu kupunguza 5 katika kulenga ili uongeze 10 katika madhara, na biashara hiyo hulipa sana dhidi ya adui mwenye kinga (namba ambayo kulenga kwako lazima kuifikie) ya 15 au chini yake.

Maswali ya wanachama

*Naomba kuuliza, ndugu mwalimu: je, naweza kushika ngao pamoja na upinde wa mkononi?*

Unaweza kuvishika vyote viwili na kufyatua mshale uliokwisha kupakiwa, lakini kupakia mwingine kunahitaji mkono mtupu, na kipaji hakiondoi sharti hilo. Kwa hiyo fundi wa kweli huacha ngao kambini.

*Mhusika wangu ni mnyemelezi, si mpiganaji. Nami nihitaji kipaji hiki?*

Si lazima. Mnyemelezi hushambulia mara moja kwa kitendo, hivyo kanuni ya kupakia haimpunguzii kitu, na upinde mwepesi wa mtambo wenye dadu ya pande 8 unamfaa kabisa kwa shambulio la kuvizia. Hata hivyo, akitumia upinde wa mkononi, kipaji kitampa nafasi ya pili ya kuvizia pale mshale wa kwanza unapokosa, na kwa maoni yangu hiyo ni faida kubwa.

*Meza yetu imehamia kanuni za mwaka 2024. Mpango huu bado unafaa?*

Unahitaji kurekebishwa. Sharpshooter haina tena ile biashara ya 5 kwa 10, na Crossbow Expert haitoi tena shambulio la ziada yenyewe; shambulio hilo linatokana na sifa ya silaha nyepesi, inayodai silaha mbili tofauti, nacho kipaji kinaongeza nyongeza yako ya wepesi katika madhara yake. Kwa hiyo fundi wa sasa hushika pinde mbili za mkononi, moja kila mkono, kwa kuwa kipaji kipya kinamruhusu kupakia hata asipokuwa na mkono mtupu.