Kijana kapata leseni, sasa gari gani umpe?

Kwanza awe na leseni yake, maana chini ya miaka 18 hapa Bongo hapewi ya gari. Halafu usimnunulie kwa macho yake, yeye anataka rimu kubwa na mziki, wewe tafuta gari la kawaida lenye injini ya saizi ya kati, IST hivi au Corolla, spea zimejaa mjini na kila fundi wa Ngamiani hapa Tanga anazijua.

Ukifika kwa muuzaji washa swichi bila kupiga stata, angalia dashibodi. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) na ya ABS (breki zisizofunga tairi) lazima ziwake kisha zizime zenyewe, isipowaka kabisa ujue kuna mjanja kachomoa globu, hapo mi naondoka tu. Vuta mikanda yote ghafla, hata ya nyuma, lazima ikwame.

Tairi ndo watu wanapigwa, kashata, yaani meno ya tairi, nzuri lakini mpira mzee. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, 1419 maana yake wiki ya 14 mwaka 2019, ikizidi miaka sita mi nadai mpya.

Na hapa Tanga chumvi ya bahari inakula bati, kwa hiyo lala chini uchungulie chasisi, gonga na spana, ukisikia mlio wa kufa jua kutu imeshaingia ndani, rangi mpya isikuchanganye.

Mengine fundi wako atakwambia. Miezi ya mwanzo aishie mitaa ya Raskazone na Chumbageni, barabara kuu ya Segera usiku bado.