Herufi Z na Python ya zamani: kusoma saa za maji bila kumkosesha nahodha

Ukiandika programu ya kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa hapa Lamu, data ya mtandaoni mara nyingi huja hivi: 2025-03-05T09:00:00Z. Ile Z ya mwisho inasema saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiipa datetime.fromisoformat, ile amri ya Python ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, kwenye Python 3.10 kurudi nyuma, inakataa. Kijana wa Mokowe niliyemsaidia juzi alikuwa tayari kuihama lugha nzima, na hasira yake ni ya haki. Ombi la kutaka Python isome tarehe za namna hii lilifunguliwa 2012. Fromisoformat ikaja 2018 na toleo la 3.7, Z haiijui. Ikakubaliwa kwenye 3.11, Oktoba 2022.

1. Jua toleo lako

python3 --version. Kama ni 3.11 kwenda juu, nenda hatua ya 4. Ubuntu 22.04 huja na 3.10, na Python ya mfumo usiiguse.

2. Litenge tatizo

from datetime import datetime
datetime.fromisoformat("2025-03-05T09:00:00Z")

Ukiona ValueError, ndilo hili.

3. Badili Z, usiikate (s ni yale maandishi ya tarehe)

s = s.replace("Z", "+00:00")

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo soma pole pole. Wengi huandika s[:-1], Z inaondoka, kosa linapotea, programu inatembea. Lakini tarehe hiyo haijui tena ni saa za wapi. Saa tatu asubuhi ya UTC inatoka kwenye skrini kama saa tatu asubuhi ya Lamu, na kwetu ilitakiwa iwe saa sita mchana. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, kwa hiyo nahodha uliyemwambia maji yamejaa atakuta ndiyo kwanza yamefika nusu. Kwa miaka mingi boti za Faza zilingoja maji yajae ndipo zipite Mkanda, mkondo wa maji mafupi. Akiingia mkondo wa namna hiyo kwa saa yako, anaweza kukwama na abiria wake, na siku za bamvua, maji yanapopwa sana, ndiyo zaidi.

Tena angalia sehemu za sekunde. Kabla ya 3.11 zinakubaliwa tarakimu tatu au sita tu baada ya nukta, kwa hiyo 00.50Z itakataliwa hata ukishabadili Z. Zikate hizo kwanza.

Maktaba ya dateutil inasoma Z vizuri, ila mimi siongezi maktaba nzima kwa ajili ya herufi moja.

4. Leta saa za kwetu

from zoneinfo import ZoneInfo
saa = datetime.fromisoformat(s).astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))

Zoneinfo ipo tangu 3.9. Kwenye Windows ongeza pip install tzdata. Pytz, maktaba ya zamani ya kazi hiyo hiyo, achana nayo: ukiiweka moja kwa moja kwenye tzinfo=, Nairobi inakuwa UTC+2:27, dakika 33 zimepotea na hakuna kosa lililoonekana.

5. Ukitaka kulalamika, lalamika kwa faida

Fromisoformat iliundwa isome kile tu ambacho isoformat, amri ya kugeuza tarehe kuwa maandishi, inaandika, na isoformat huandika +00:00, haiandiki Z. Kwa waliokuwa wakiitunza, hapakuwa na kitu kilichoharibika. Ndiyo maana "hata mimi linanisumbua" chini ya ripoti ya zamani halisogezi kitu. Tangu Aprili 2022 ripoti za Python ziko GitHub: ukikutana na tatizo jingine la namna hii, tafuta kwanza, kisha weka mistari michache inayolionyesha kama ile ya hatua ya 2, toleo lako, na data hiyo inatoka kwa nani. Wanaoitunza lugha hii wengi wanajitolea, lakini miaka kumi kwa herufi moja ni mingi, na kulisema hilo kwa adabu si kosa.

Juu ya ule mstari wa replace andika # futa tukihamia 3.11, na kwenye majaribio yako, kwa tarehe ile ya hatua ya 2, weka:

assert saa.hour == 12

Siku ya kuhama, futa replace, endesha jaribio. Likipita, peleka kazini.