Somo: Kutengeneza ripoti ya kulinganisha majaribio kwenye Weights & Biases

Wiki mbili zilizopita nilikaa na vijana watatu kwenye mkahawa mmoja pale Ngara, kila mmoja na kompyuta yake. Wote wanafunza modeli za kutambua sauti ya Kiswahili, na kila mmoja aliniambia modeli yake ndiyo bora. Nikawaomba wafungue ripoti zao kwenye mfumo huo wa mtandaoni (kwa kifupi `wandb`) wa kurekodi na kulinganisha majaribio ya kufunza modeli, tuziweke kando kwa kando. Mmoja alikuwa amehesabu makosa baada ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Wa pili alikuwa amebakiza nukta na mikato. Wa tatu alitumia rekodi za mtihani alizozikata mwenyewe kutoka data yake. Kazi ya miezi mitatu, grafu nzuri za rangi, na hakuna hata namba mbili zilizoweza kusimama pamoja.

Nimeandika somo hili kwa ajili yao na kwa wengine wenu mnaoniuliza jambo hilohilo. Nalijua vizuri kwa sababu limenipata. Niliwahi kumpelekea msimamizi wangu grafu inayoonyesha makosa yameshuka kwa pointi nne, naye akafurahi. Ilinichukua wiki nzima kugundua kuwa kilichobadilika ni jinsi nilivyosafisha maandishi, modeli haikuwa imejifunza lolote jipya. Kurudi ofisini kwake kumwambia hivyo kuliniuma, na tangu siku hiyo sifungui ripoti kabla ya kufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika swali

Kwenye karatasi, kwa sentensi moja. Mfano tutakaotumia hapa: je, nikiongeza sauti zilizorekodiwa mtaani juu ya data ya Common Voice (mkusanyiko huru wa sauti za watu wa kujitolea), modeli ya Whisper small (modeli ndogo ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi) inakosea maneno machache zaidi kuliko ikifunzwa kwa Common Voice pekee?

Angalia kuwa kitu kinachobadilika ni kimoja tu: data ya mafunzo. Modeli ni ileile yenye vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) milioni 244, kasi ya kujifunza ni ileile, mtihani ni uleule. Ukibadilisha data na kasi kwa pamoja, ripoti itakuonyesha tofauti lakini haitakwambia imetoka wapi.

Hatua ya 2: Rekodi mambo yote tangu mwanzo

Ripoti haiwezi kuchuja kitu ambacho hukukiandika. Kila jaribio lianze hivi:

```python
wandb.init(
    project="sauti-kiswahili",
    group="cv-pekee",
    config={
        "modeli": "whisper-small",
        "data": "cv-pekee",
        "toleo_la_data": TOLEO,
        "usafishaji": "v2",
        "mbegu": 1,
        "kasi": 1e-5,
    },
)
wandb.define_metric("uhakiki/wer", summary="min")
```

Toleo la data msiliruke. Common Voice hutoa matoleo mapya mara kwa mara, na sentensi za mtihani za toleo moja si zile za toleo jingine. Mtu akikwambia "nilitumia Common Voice" bila kutaja toleo, bado hajakwambia kitu.

Mstari wa mwisho nao una kazi yake. Usipouweka, Weights & Biases huhifadhi thamani ya mwisho iliyorekodiwa kuwa ndiyo muhtasari wa jaribio. Modeli iliyofika kilele katikati ya mafunzo kisha ikaanza kukariri data itaonekana mbovu kwenye jedwali, ilhali wewe utapeleka kwenye mtihani ile nakala ya katikati. Kwa `summary="min"` jedwali linashika kiwango cha chini kabisa cha makosa kwenye data ya uhakiki, yaani ile unayopimia modeli mafunzo yakiendelea. Data ya mtihani iguse mara moja tu, mwishoni, kwa nakala uliyoichagua kwa uhakiki.

Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu usafishaji wa maandishi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapoumizwa na zana zilizotengenezwa kwa lugha nyingine.

Kiwango cha makosa ya maneno, ambacho wengi tunakiita WER, ni hesabu nyepesi: maneno yaliyobadilishwa, jumlisha yaliyodondoshwa, jumlisha yaliyoongezwa, kisha gawa kwa idadi ya maneno ya andiko sahihi. Kabla ya kuhesabu, watu huyasafisha maandiko yote mawili. Kisafishaji cha msingi kinachokuja na Whisper hugeuza herufi kuwa ndogo na kuweka nafasi mahali pa kila alama ya uandishi. Kwake, kibainishi cha ng', kile kialama cha juu, ni alama ya uandishi kama nyingine.

Chukua sentensi "Ng'ombe wameng'oa mahindi". Kwa mzungumzaji yeyote hayo ni maneno matatu. Kisafishaji kinairudisha hivi: "ng ombe wameng oa mahindi", maneno matano. Sasa modeli ikikosea neno moja tu, iandike "maindi", WER ni asilimia 20. Bila kuvunja ng', kosa lilelile ni asilimia 33. Hakuna modeli iliyobadilika hapo.

Kuna na upande wa pili. Ukiacha kibainishi bila kukishughulikia, andiko sahihi linaweza kuwa na kile kilichonyooka na modeli ikatoa kile kilichopinda. Macho yako hayaoni tofauti, kompyuta inahesabu kosa.

Ninachofanya mimi ni hiki: nageuza vibainishi vyote kuwa vya aina moja, nabakiza ng' kama ilivyo, naondoa alama nyingine, nafanya herufi kuwa ndogo, kisha nakipa kisafishaji jina la toleo na kuliandika kwenye `config`. Ndiyo maana pale juu kuna "usafishaji": "v2". Siku nitakapokibadilisha, nitahesabu upya makosa ya majaribio yote kutoka kwenye matokeo niliyohifadhi. Kwa hiyo hifadhini maandishi yaliyotolewa na modeli, msihifadhi namba peke yake.

Hatua ya 4: Jenga ripoti

Fungua mradi wako, nenda sehemu ya ripoti, anzisha mpya. Ndani ya ukurasa andika alama ya mkwaju `/` na orodha ya vitu vya kuingiza itajitokeza: vichwa, maandishi, na gridi ya grafu. Weka kwanza ile sentensi ya Hatua ya 1, juu kabisa, msomaji aikute kabla ya rangi.

Kisha ingiza gridi ya grafu. Chini yake kuna seti ya majaribio, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Tengeneza seti mbili. Ya kwanza ichujwe kwa `data = cv-pekee`, ya pili kwa `data = cv-na-mtaa`. Zote mbili ziongezewe chujio la `usafishaji = v2` na la toleo lilelile la data ya mtihani. Zipe majina ya Kiswahili yanayoeleweka. Jina linalobuniwa na mfumo, maneno mawili ya Kiingereza na namba, halimsaidii mtu.

Panga kila seti kwa makundi ili majaribio ya mbegu tofauti (mbegu ni namba inayoanzisha bahati nasibu ya mafunzo, ukiibadilisha matokeo hutofautiana kidogo) yawe mstari mmoja wa wastani wenye kivuli pembeni. Kwenye mipangilio ya grafu unachagua kivuli kionyeshe nini: kiwango cha chini na cha juu, au mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani). Andika chini ya grafu umechagua kipi, kwa sababu kivuli kisichoelezwa kila mtu anakisoma anavyotaka.

Kuhusu mhimili wa chini: ikiwa jaribio moja lilipitisha rekodi 16 kwa hatua na jingine 32, basi hatua ya 1,000 si mahali pamoja kwa yote mawili. Rekodi idadi ya mifano iliyoonwa na uitumie hiyo. Na kile kitelezi cha kulainisha mistari kiache karibu na sifuri. Kikivutwa sana, mistari miwili inayogongana huonekana kama barabara mbili zilizoachana.

Hatua ya 5: Jedwali la mbegu

Namba hizi nimezitunga ili muone hesabu. Tuseme WER za mbegu tano ni hizi:

CV pekee: 26.1, 27.4, 25.9, 26.8, 26.3
CV na mtaa: 26.9, 25.8, 27.6, 26.2, 27.0

Mtu mwenye haraka atachukua 25.8 ya pili, ailinganishe na 27.4 ya kwanza, atangaze kuwa makosa yamepungua kwa pointi 1.6. Wastani unasema vingine: 26.5 kwa ya kwanza na 26.7 kwa ya pili. Mkengeuko sanifu ni takriban 0.6 na 0.7. Tofauti ya 0.2 imezama kabisa ndani ya mtawanyiko wa mbegu, na jibu la haki ni kwamba kwa majaribio haya hatujaona tofauti. Andika hivyohivyo. Ripoti inayosema "hatujaona tofauti" imemwokolea mwenzako wiki za umeme na kadi ya kukokotoa (GPU).

Hatua ya 6: Igandishe

Ripoti hii iko hai. Jaribio jipya likikidhi chujio lako, litaingia kwenye grafu lenyewe, na aya uliyoandika chini yake itabaki ikieleza picha isiyokuwepo tena. Kwenye seti ya majaribio kuna alama ya chembe ya theluji. Ibonyeze ili seti ibaki kama ilivyo siku hiyo. Ukimaliza, chapisha rasimu, kisha utume kiungo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Githurai. Stima ikipotea, bando nayo ikiisha, jaribio linakatika katikati. Ripoti inaonyesha vipande viwili vya mstari. Nifanyeje?*

Pole, hilo tunalijua wengi. Kwa upande wa bando, weka `WANDB_MODE=offline` kabla ya kuanza. Kila kitu kitaandikwa kwenye folda ya `wandb` ndani ya mashine yako, nawe ukipata mtandao unatuma kwa `wandb sync`. Kwa upande wa stima, lipe jaribio kitambulisho chako mwenyewe kwa `id=` na uweke `resume="allow"`, ili ukianza tena ukiwa mtandaoni liendelee kwenye mstari uleule. Lakini kumbuka hilo linaunganisha kumbukumbu tu. Uzito wa modeli na hali ya mafunzo lazima uwe umevihifadhi mwenyewe kila baada ya hatua kadhaa.

*Dada, mbegu tano nitazitoa wapi? Natumia kadi za bure na muda unaisha kabla ya jaribio la pili.*

Swali la haki, mdogo wangu. Fanya ulinganisho kwa Whisper tiny, ile ya vigezo milioni 39, kwa mbegu tatu au tano, halafu sema wazi kwenye ripoti kuwa jibu lako ni la modeli hiyo. Njia nyingine ni kuchota upya sentensi za mtihani: chukua matokeo ya modeli zote mbili kwa sentensi zilezile, chota kwa nasibu na kurudisha mara 1,000, kila mara hesabu tofauti ya WER, kisha ripoti eneo lililobeba asilimia 95 ya tofauti hizo. Hiyo haigharimu kadi hata dakika. Ila inapima wasiwasi wa sentensi za mtihani, haipimi wasiwasi wa mbegu, kwa hiyo usiyachanganye maneno. Na kama mzungumzaji mmoja ana rekodi nyingi, chota kwa wazungumzaji badala ya sentensi.

*Modeli yangu imeandika "ana kwenda Gikomba kununua nguo" badala ya "anakwenda". WER ya sentensi hiyo ni asilimia 50! Si ni uonevu?*

Hesabu iko sawa: neno moja limebadilishwa, moja limeongezwa, mbili kwa nne. Lakini msikilizaji angeelewa bila shida. Kwetu kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa, kwa hiyo nafasi moja iliyowekwa vibaya inagharimu maneno mawili. Weka kiwango cha makosa ya herufi kando ya WER kwenye gridi ileile. Kwa sentensi yako ni alama moja kati ya 30, kama asilimia 3. Ukiona WER iko juu na ya herufi iko chini, mara nyingi shida ni nafasi na maumbo ya vitenzi, na dawa yake ni tofauti na ya modeli isiyosikia kabisa.

*Naweza kuweka rekodi zenyewe kwenye ripoti, watu wasikilize pale modeli ilipokosea?*

Kiufundi ndiyo, kwa `wandb.Table` yenye safu ya `wandb.Audio`, na ni njia nzuri mno ya kujifunza. Ila uliza kwanza sauti ni za nani. Common Voice imetolewa kwa matumizi huru, ingawa unakubali kutojaribu kuwatambua wazungumzaji. Zile za mtaani ni jambo jingine. Sauti ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na mama uliyemrekodi Kawangware alikubali utafiti, hakukubali kiungo kinachofunguka kwa yeyote. Kama fomu yake ya ridhaa haisemi hivyo, weka maandishi ya modeli bila sauti, na hata hayo yapitie kwanza, mtu huwa ametaja jina la mtoto au namba ya simu.

*Msimamizi wangu hataki viungo, anataka karatasi.*

Ripoti inapakuliwa kama PDF au LaTeX. Igandishe kwanza, pakua, na uandike tarehe juu ya ukurasa wa kwanza.