Somo: Jenereta ikichomoka, masafa ya gridi yatashuka hadi wapi?

Gridi ya mfano: mashine zilizobaki zinazunguka zikiwa na uwezo wa MVA 2000, inesha H (ukinzani wa vyuma vinavyozunguka dhidi ya kubadilika kwa kasi) ni sekunde 4, masafa hezi 50. Jenereta ya MW 100 imechomoka ghafla. Hatua tatu za mwanzo ni za kalamu na karatasi. Usikimbilie kompyuta, maana bila hesabu hizi hutajua ikikudanganya.

1. Msingi mmoja. Gawanya kila kitu kwa 2000. MW 100 inakuwa 0.05. Modeli nyingi huharibikia hapa: mteremko R wa gavana (kidhibiti cha vali, si yule wa kupigiwa kura), yaani badiliko la masafa linalotosha kufungua vali yote, huandikwa kwa msingi wa mashine yenyewe. Kama gavana za 5% ziko kwenye nusu tu ya uwezo, R ya gridi nzima ni 0.10, si 0.05.

2. Kasi ya kushuka. 0.05 × 50 ÷ (2 × 4) = hezi 0.31 kwa sekunde. Hii ni ile sekunde ya kwanza tu, kabla vali hazijafanya lolote.

3. Mahali pa kutulia. Mzigo wenyewe hupungua 1% masafa yakishuka 1%, kwa hiyo D = 1. Gavana zinachangia 1 ÷ R = 10. Basi 0.05 ÷ (10 + 1) = 0.00455, sawa na hezi 0.23. Masafa yatatulia 49.77.

4. Turbini. Sasa washa kompyuta. Kwa mvuke unaopashwa upya, sehemu 0.3 ya nguvu hutoka mara moja na 0.7 iliyobaki hufuata polepole kwa muda wa sekunde 8. Ukipuuza uchelewaji wa vali, shimo (masafa ya chini kabisa) linafika 49.57 kwenye sekunde ya 3.5 hivi, kisha masafa yanapanda hadi 49.77. Ukipata jibu lililo mbali na hapo, rudi hatua ya 1.

5. Kurudisha 50. Gavana peke yake hairudishi. Ongeza kijumlishi kinachosukuma kiwango cha uzalishaji taratibu. Ukitaka muda wa sekunde 60, gawanya 11 (ile 10 + 1 ya hatua ya 3) kwa 60: kizidishi kiwe 0.18. Ukikiharakisha kitagombana na gavana, na masafa yataanza kuyumba.

MASWALI

Mkuu, nimebadilisha turbini ya mvuke nikaweka ya maji, sasa mchoro unayumba na mawimbi yanazidi kukua.
Lango likifunguka, maji yaliyo kwenye bomba bado hayajashika kasi, hivyo shinikizo langoni huporomoka na nguvu hupungua kwanza ndipo iongezeke. Gavana inaona masafa yanazidi kushuka, inafungua zaidi. Ongeza mteremko wa muda (unaoizuia gavana mwanzoni, kisha unafifia): kama maji yanachukua sekunde 1 kushika kasi, weka 2.3 ÷ 2H, yaani 0.29, na muda wa kurejea sekunde 5. Utatulia, ila shimo litakuwa refu kuliko la mvuke.

Kwa nini tusiweke mteremko sifuri tumalize kazi?
Kwa mashine moja iliyo peke yake, sawa. Zikiwa mbili, vipimo vyake haviwezi kulingana sawasawa. Moja inaona 50.01, nyingine 49.99, na kila moja inasahihisha kwa upande wake. Mwisho moja imefungua vali yote, nyingine imefunga.

Nimeshusha H hadi 2, shimo limesogea hadi 49.52 tu. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Kasi ya mwanzo imekuwa maradufu, 0.62, na hiyo inaweza kuziamsha rilei (swichi za ulinzi) zinazopima kasi ya kushuka. Lakini kina cha shimo hapa kinatokana zaidi na ile 0.7 inayochelewa. Weka uchelewaji wa vali wa sekunde 0.2 na utaona H ikianza kuuma zaidi. Betri ya MW 50 inayojibu ndani ya nusu sekunde itakusaidia kuliko kuongeza inesha.

Modeli inatoa 49.77, kipimo halisi kimetulia chini zaidi.
Hesabu upya mashine zenye gavana. Iliyokwisha kufungua vali yote haina cha kuongeza, hata kama karatasi inasema 5%. Kisha angalia eneo bubu: ikiwa gavana haisikii badiliko lililo chini ya hezi 0.02, takriban kiasi hicho kinajumlishwa kwenye mshuko wako.